Gari Haliwaki Jumatatu

Kama unanisikiliza ukiwa garini mahali fulani kati ya Kaplong na Kericho, na sauti yangu inakuja ikikatika kama ya mtu anayeongea huku akipanda mlima, usiilaumu stesheni upesi. Nitafika hapo. Kwanza nikusimulie habari ya Jumatatu zangu.

Nina matatu moja. Ni HiAce ya umbo la zamani, ile tunayoiita shark, abiria 14, mstari wa njano ubavuni, kazi yake Litein na Kericho. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na pesa za kustaafu nikazifanyia kile ambacho walimu wengi wa huku huzifanyia: nikazipa magurudumu. Mwaka mmoja, Oktoba, bonasi ya chai ilipoingia, dereva na makanga wakaniita pembeni. "Mwalimu," dereva akaanza, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayetaka pesa zako, "watu wanatuona tuko mbele kwenye foleni, wanatupita, wanaenda kungoja gari la nyuma."

Kwa nini?

"Letu ni bubu."

Anayeijua nchi ya chai anajua bonasi ni nini. Mkulima wa KTDA hulipwa kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, halafu mwaka wa hesabu ukifungwa huja malipo ya pili, yale ya kungojewa, na kwa wiki mbili tatu Litein, Kapkatet na Silibwet hujaa mabati, magodoro na redio. Nami nina ekari yangu ya chai. Nikajiambia, pesa zimetoka kwenye majani, acha ziende barabarani. Tukanunua redio mpya ya kioo kikubwa, amplifaya moja, na wufa ya inchi 12 ndani ya sanduku lake. Fundi wa kando ya barabara, ambaye sitamtaja maana naye ana watoto wa kulisha, akafunga vitu vyote kwa muda wa saa moja na nusu. Taa za bluu zikawaka. Besi ikapiga, vioo vikatetemeka, makanga akacheza hadharani bila haya. Nikalipa, nikamwongezea na ya chai.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa gari likapakia vizuri, Jumamosi vilevile. Jumapili kwangu ni kanisa, gari halitoki. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri dereva akazungusha ufunguo na gari likasema "tk". Mara moja tu. Likanyamaza.

Wewe unaijua saa hiyo ya huku kwetu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye nyasi, kuna manyunyu ambayo si mvua wala si umande, na baridi ni ya mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Tukasukuma: mimi, mwanangu, jirani aliyeamshwa na kelele, na makanga aliyevaa viatu vyeupe vya mjini. Ua wangu una mteremko unaoishia kwenye chai. Gari likateremka, dereva akaachia klachi, likatikisika, likakohoa, likaingia mstari wa kwanza wa chai na kutulia pale, pua juu ya majani, kama ng'ombe aliyepata alichokuwa akikitafuta. Lilitolewa na pikapu ya maziwa.

Jumatatu ya pili, yale yale, ila safari hii tulikuwa tumeligeuza lielekee barabarani. Jumatatu ya tatu nikaamua betri imezeeka, nikanunua mpya. Jumatatu ya nne betri mpya nayo ikasema "tk".

Sasa tazama mahali nilipokosea. Gari linakufa Jumatatu. Halifi Jumanne, halifi Ijumaa. Na mimi, mwalimu wa hesabu, sikujiuliza Jumatatu ina nini.

Aliyejiuliza ni fundi mmoja wa Kapkatet, mtu wa makamo, kibanda chake cha mabati, mkono wake wa kulia una kovu la moto ambalo alinionyesha kabla sijamwonyesha gari. Redio hakuigusa. Aliomba ufunguo akautia mfukoni mwake, akalegeza kichwa cha betri upande wa hasi, akaweka mita yake katikati, ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye waya aliouchomoa. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Mita ikasoma ampea 2.

"Gari lililolala linatakiwa kunywa kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, ya saa na kumbukumbu. Ukigawa ampea moja mara ishirini, kipande kimoja kinalitosha. Hili halijalala, mwalimu. Betri yako ni ya ngapi?"

"Sabini."

"Basi hesabu ni zako."

Nikazipiga pale pale. Kutoka Jumamosi saa tatu usiku hadi Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri ni saa 31 na nusu. Mara ampea 2, ni 63. Betri ya 70 imebaki na 7, tena kwenye baridi, tena kwa injini ya dizeli ambayo kabla ya kuwaka inataka plagi zake zipashwe moto. Siku nyingine gari lilikuwa linapumzika saa saba au nane tu, linapoteza 15 hivi, na alteneta inazirudisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyejua. Ilihitajika siku ya mapumziko ili ugonjwa uonekane.

Redio mpya ya gari, iwe ya bei gani, ina mkia wa nyaya za rangi, na juu ya rangi hizo viwanda karibu vyote vimekubaliana. Wa njano unatoka betri, una umeme mchana na usiku. Kwa huo redio hukumbuka saa na stesheni ulizozichagua. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, basi. Kazi yake ni kuamsha. Ukibadilisha hizo mbili, redio itacheza vizuri, lakini kila gari likizimwa inasahau kila kitu, kama mgeni anayejitambulisha upya kila asubuhi. Ukizifunga zote mbili kwenye betri, redio haitajua kamwe kwamba safari imekwisha. Halafu kuna wa bluu wenye mstari mweupe. Huo ndio redio huutumia kuiambia amplifaya: amka, lala.

Huo wa bluu-mweupe ndio uliokuwa ukininyonya. Fundi wangu wa kwanza hakutaka taabu ya kuupitisha chini ya mkeka, kutoka dashibodi mpaka kiti cha nyuma, mita nne hivi za waya mwembamba. Akachukua kipande cha sentimita tano akaifunga amplifaya ijipe ruhusa yenyewe, kutoka kwenye waya wake mnene wa betri. Kwa hiyo Jumapili nzima amplifaya ilikuwa macho. Mimi niko kanisani naimba, yeye yuko nyumbani hana cha kuimba, anakula betri. Waya ule wa mita nne haufiki bei ya soda mbili. Mimi nikanunua betri.

Rangi zenyewe zina mtego, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu redio nyingi hufia hapa. Makubaliano niliyokutajia ni ya watengenezaji wa redio za kununua dukani. Toyota ana rangi zake. Katika plagi za Toyota za miaka mingi, umeme wa betri uko kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo uko kwenye waya wa kijivu, na wa kurudi kwenye bodi ni wa kahawia. Mweusi na wa njano, ambazo kwenye redio mpya ni bodi na betri, upande wa Toyota ni spika ya nyuma kushoto. Mwekundu na mweupe ni spika ya nyuma kulia. Na wa kijivu wa redio mpya, msikilizaji, ni spika ya mbele kulia.

Sasa mchukue kijana mwenye haraka, ameshika plaizi, abiria wanangoja, na akili yake inamwambia rangi huenda na rangi. Anafunga mweusi kwa mweusi, wa njano kwa wa njano, wa kijivu kwa wa kijivu. Dereva akizungusha ufunguo, volti 12 zinaingia redioni kwa mlango ambao sauti ilipaswa kutokea. Redio mpya inatoa moshi kabla haijatoa wimbo. Na dukani watakuambia umeiunguza mwenyewe, na hawatakuwa wamekuonea.

Fundi wa Kapkatet haamini rangi hata kidogo. Anaamini testa: balbu ndogo, mwiba wa chuma, na waya wenye kibano. Kibano anakibana kwenye chuma cha gari, kwa mwiba anachoma waya mmoja mmoja. Balbu ikiwaka ufunguo ukiwa nje, huo ni wa betri. Ikiwaka baada ya ufunguo kuzungushwa na kuzimika ukirudishwa, huo ni wa kuamsha. Isipowaka kabisa, anauacha kwanza, anauliza mwingine. Hana haraka. Nilimwambia nimesikia kuna plagi za kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye plagi ya Toyota na mwingine unafungwa kwa redio mpya, bila kukata hata waya mmoja wa gari. Akaenda ndani akatoka na moja kwenye karatasi yake. "Zipo. Bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana. Lakini mtu akileta gari, mwalimu, plagi ya Toyota imeshakatwa zamani na fundi wa redio iliyopita."

Wenye mabasi madogo ya Isuzu ya viti 33 wana msalaba wao mwingine: yale yana betri mbili na volti 24, na redio inataka 12. Dawa ni kifaa cha kushusha umeme. Njia ya mkato ni kuchukua umeme katikati, kwenye betri moja tu. Hiyo moja inanyonywa na redio, mwenzake hajaguswa, chaji inakuja kwa pamoja, moja haishibi na nyingine inavimbiwa. Baada ya miezi unanunua zote mbili. Tuendelee.

Nilikuahidi habari ya sauti inayokatika. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria yetu hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Redio iliyomo imezaliwa kule, ambako FM kwa miaka mingi ilianzia 76 ikaishia 90. Ya kwetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio ile ya Kijapani inasikia upenyo mdogo tu wa Kenya, na kwingine kote ni mvumo. Wapo wanaoweka ekspanda, kisanduku kidogo kama kiberiti kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa yote kwa kiasi kilekile. Kikishusha 20, stesheni ya 102 unaikuta kwenye 82. Kinafanya kazi, siwezi kusema uongo, ila mara nyingine stesheni mbili zinakaliana, na unasikia taarifa ya habari ya KBC ikiongozwa na kwaya ya jirani. Nao wenye redio za kioo zinazosema Kijapani wanajua balaa jingine: toa betri siku moja, uirudishe, na redio inadai neno la siri kwa maandishi ambayo hata mwalimu mkuu hawezi kuyasoma. Ndiyo maana watu hununua mpya.

Lakini redio mpya nayo inaweza kuwa kiziwi. Antena za magari mengi zina kikuza mawimbi kidogo ndani yake, nacho kinataka umeme wake, kutoka kwenye ule waya wa bluu mtupu, usio na mstari. Fundi akiuacha uning'inie, redio ya maelfu inasikia vibaya kuliko ile uliyoitupa. Na mawimbi ya FM hupenda kwenda moja kwa moja, ilhali nchi yetu ni kilima, bonde, mto, kilima. Kwa hiyo wewe uliye njiani: nikikatika mabondeni tu, hiyo ni milima. Nikikatika kila mahali, ni waya wa bluu.

Kapkatet, kwa taarifa yako, si mahali pageni kwa mashine za sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao Afrika Kusini na kuzunguka bara hili akirekodi nyimbo, aliweka mitambo yake hapo. Akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo, ukilitamka polepole, ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi kule Marekani, aliyefariki mwaka 1933 bila kujua kuna Kapkatet. Sahani zake zilikuwa zimefika huku pamoja na gramafoni za wageni, watu wakasikia sauti inatoka ndani ya sanduku na mtu haonekani, wakamwaza kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Kanda zile zinatunzwa katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa kwa watu wa huku, kazi iliyoshirikisha Ketebul Music ya Nairobi. Nilimsimulia fundi habari hii akiwa amelala chali chini ya dashibodi yangu, miguu tu ndiyo inaonekana. Akauliza gramafoni zile zilikuwa zinatumia umeme gani. Nikamwambia zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. "Ndiyo maana walipata nafasi ya kutunga wimbo," akasema kutoka chini. "Hawakuwa wanasukuma gari."

Alipomaliza waya wa amplifaya, mita ikasoma sifuri na vichembe. Nikataka kuondoka. Akaniambia nikae, niwashe injini, nikanyage mafuta. Ndipo nikawasikia nyuki. Baba yangu alikuwa na mizinga, nawajua nyuki, na hawa walikuwa ndani ya spika zangu: nikikanyaga wanapanda, nikiachia wanashuka. Walikuwapo tangu siku ya kwanza, ila sauti ya muziki ilikuwa imewafunika.

Hao wanatoka kwenye alteneta, na wanaingia kwa mlango wa athi. Nasema athi kama mafundi wasemavyo, wala si ule mto: waya mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kila mtu anaheshimu waya unaoleta, kwa sababu huo ukigusa chuma unatoa cheche. Wa kurudisha hauna makeke, kwa hiyo unafungwa popote. Wangu ulikuwa umebanwa chini ya bolti ya kiti, juu ya rangi, na chini ya rangi kutu. Umeme wa amplifaya ulikuwa unapita kwenye mahali penye upana wa ncha ya kalamu. Fundi akautoa, akanionyesha: nyuzi za shaba zilikuwa zimeanza kuwa za kijani kwa wiki nne tu, maana hewa yetu ina maji muda wote na viatu vya abiria vinaingia na tope. Akachukua msasa akasugua chuma mpaka kikang'aa kama sarafu, akabana waya kwa kichwa chake cha shaba, washa, nati, kisha akapaka grisi juu. Dakika kumi. Tukawasha tena na nyuki wakawa wamehama.

Nakuambia, msikilizaji, redio ya gari ikisumbua, watu hufungua redio. Wanabadilisha redio. Wanarudi Luthuli Avenue Nairobi kugombana na mwenye duka. Na tatizo liko sakafuni, chini ya bolti moja ya kiti. Tunalipia kinachong'aa mbele na kubania kilichofichwa nyuma, na hii si tabia ya makanga peke yao, ni yangu mimi niliyeongeza pesa ya chai kwa kazi ya saa moja na nusu.

Sasa tuje kwenye wati, maana hapo pana uongo wa mchana kweupe. Katoni la amplifaya yangu limeandikwa wati 1,200 kwa herufi za dhahabu. Fundi akaigeuza, akanionyesha fyuzi yake ubavuni: 30. Injini ikiwaka, gari linatoa volti 14 hivi. Mara 30, ni 420. Hiyo ndiyo yote inayoweza kuingia kabla fyuzi haijakatika, na sehemu ya hizo, kwa amplifaya za aina yangu, huishia kuwa joto. Hizo 1,200 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kiwanda cha katoni. Ukinunua, achana na maandishi, soma fyuzi.

Na waya. Waya mnene mwekundu niliouziwa, wa unene wa kidole cha mtoto, ulionekana shaba tupu. Fundi akaukwaruza kwa kisu: ndani ni mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba juu kama mandazi yaliyopakwa sukari. Alumini hubeba umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo inahitaji kuwa nene zaidi kwa kazi ile ile. Isipokuwa nene hivyo, inapata moto. Na kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, nyaya zote zinapita karibu na joto lake. Gundi ya tepu ya kawaida inayeyuka, tepu inafunguka yenyewe kama ganda la ndizi, na waya uliosokotwa kwa vidole unabaki uchi. Ndiyo maana yeye huunga kwa risasi, halafu anavalisha kimpira kinachojibana kikipata moto.

Nilipomuuliza fyuzi kuu iko wapi, ile ya kwenye waya unaotoka betri, alinipeleka akanionyesha. Kulikuwa na kishikilia fyuzi, ndiyo. Ndani yake, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri.

Hapo sikucheka. Fyuzi ile haikuwekwa kulinda redio. Inalinda waya, na waya unapita chini ya watu 14. Inatakiwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30 hivi, ili waya ukichunika popote mbele yake na kugusa bodi, fyuzi ife peke yake. Karatasi ya sigara haifi. Waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi, wenye urefu wa gari zima. Kovu la mkono wa fundi, alilonionyesha mwanzoni, lilitoka kwenye gari kama hilo.

Kitu cha mwisho alichofanya kilinifurahisha kuliko vyote. Alitoa betri moja ya tochi, ya volti moja na nusu, na vipande viwili vya waya. Akagusisha kwenye spika ya mlango. Ngozi ya spika ikaruka nje: puu. Akasema, chanya iko hapa. Akaenda nyingine, puu, nje. Ya tatu ikaruka ndani. Ilikuwa imefungwa kinyume. Spika mbili zikipingana hivyo, moja inasukuma hewa na nyingine inaivuta, na besi inakufa katikati. Kisha watu wanasema wufa ni mbovu, wanaongeza nyingine. Alipoigeuza ile moja, besi yangu ilijaa bila kuongeza sauti hata nukta moja.

Na hapo, kwenye habari ya sauti kubwa, ndipo nataka madereva wanisikie. Kanuni za waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilituletea mikanda na spidi gavana ya 80, na huo mstari wa njano. Za kelele zilikuja mwaka 2009, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Askari akizitaja barabarani, tunamwona mchokozi. Lakini achana na askari. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda wa usalama unakatika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Abiria anashuka Kericho baada ya dakika arobaini. Dereva anakaa humo tangu alfajiri hadi usiku, siku sita. Wangu nilikuwa nikimpigia simu anasema "eh?" mara tatu, nikidhani mtandao ni mbaya.

Siku moja nilipanda gari langu mwenyewe, nikakaa kiti cha nyuma kimya. Kogo mmoja, yaani bibi mzee, akapanda na kikapu cha mayai. Akamwambia makanga, taratibu kabisa, kwamba anaomba kushuka Chemosit lakini hajui kama atasikika. Makanga akapunguza sauti. Hakuna abiria aliyelalamika. Muziki ulisikika, na kogo akashukia alipotaka.

Ukienda kufunga redio msimu huu wa bonasi, nakusihi, kaa hapo hapo kwa fundi mpaka amalize. Akisema tayari, usitazame taa. Chomoa ufunguo, umwombe aweke mita kwenye betri akuonyeshe inasoma ngapi. Halafu mwulize fyuzi kuu iko wapi, na akufungulie uione kwa macho. Asipoweza kuinyooshea kidole, usitoe pesa.

Jumatatu iliyopita gari liliondoka saa kumi na nusu. Niliambiwa, nilikuwa nimelala.